Basi la Ivuna Lina Ratiba Sasa, Tata

Tata Simfukwe, baba yangu wa barabarani,

Mwalimu wetu wa Kiswahili alitufundisha kwamba barua inaanza na salamu, halafu hali, halafu dhumuni. Salamu umepata. Hali yako naijua, maana koleo la kaburini nilishika mimi mwenyewe. Hali yangu ni nzuri kupita kiasi, nimenenepa, mashavu haya ungeyaona ungeuliza nimemwoa nani. Dhumuni ndilo refu. Kwa hiyo tulia huko uliko, nakujua ulivyo, mtu akianza kukueleza jambo unamkata kwa heshima: "Fupisha, mukwai, abiria wanangoja." Leo hakuna abiria. Leo nasema mimi mpaka mwisho.

Uliondoka mahindi yakiwa magotini. Sasa tumevuna, tumepukuchua, na wale wenye haraka wameshauza yote na wameanza kununua unga dukani kama watu wa mjini. Miezi yote hiyo sikukuandikia kwa sababu mbili. Ya kwanza, kila nikishika kalamu nilikuwa nalia. Mimi si mtu wa kulia, unajua, ni lile vumbi la barabara ya Ivuna, linaniingia machoni hata nikiwa chumbani nimefunga dirisha. Ya pili, sikuwa na habari njema, na kumpelekea habari mbaya mtu aliyepumzika ni utovu wa adabu. Sasa ninayo. Kaa vizuri.

Wewe uliondoka ukijua basi letu ni la halmashauri, linatembea kwa makusanyo ya halmashauri, na likivunja springi unakwenda ofisini kwa mkurugenzi na kofia mkononi mpaka akuonee huruma. Hayo yamekwisha. Arobaini yako ilikuwa haijapita ikatoka kanuni mpya. Inasema halmashauri isichote tena fedha za zahanati na madawati kwenda kujazia basi mafuta. Badala yake serikali imefungua mfuko kwa ajili ya zile njia ambazo matajiri wenye mabasi hawazitaki. Njia ikikubaliwa inaitwa "njia ya huduma", na inapewa ruzuku: mafuta, matairi, mshahara wa dereva na wa konda. Isipokubaliwa, basi linapigwa mnada na leseni ya njia inafutwa.

Kanuni hiyo nimeisoma yote, Tata, mara tatu, na viambatisho. Diwani mwenyewe aliisoma nusu, akaniuliza mimi iliyobaki inasemaje. Sijisifu, nakueleza tu.

Masharti yalikuwa haya: vituo vijulikane, ratiba iandikwe, na mkaguzi apande basi kutoka Tunduma mpaka Ivuna, kwenda na kurudi, aone kama basi linafuata ratiba yake lenyewe. Likishindwa, kwaheri. Nikafikiri juu ya mtu wa Ivuna bila basi letu. Anakuja hospitali juu ya lori la chumvi, amekalia viroba, mtoto mgonjwa mgongoni. Wewe ndiye uliyenisimulia ulivyokuwa unawaokota barabarani ukiwa bado dereva wa lori, kabla halmashauri haijanunua basi, wamekuwa weupe kichwa mpaka miguu kama waliopakwa unga. Na mimi konda wako je? Mimi ningerudi Ileje kupalilia kahawa ya mjomba, ambaye mpaka leo nikienda nyumbani ananiita "bwana mkubwa wa basi" halafu ananipa jembe.

Kiti chako amepewa Dada Atupele, yule aliyekuwa anaendesha tipa la halmashauri. Usinune. Anaendesha vizuri kuliko wewe. Nakwambia hivyo kwa sababu umekufa na huwezi kunizaba kofi. Ila honi hajui. Wewe ulikuwa unapiga honi mara mbili fupi na moja ndefu, na kila mama njiani alijua aanze kufunga mtoto mgongoni. Yeye anapiga kama mtu aliyekanyagwa.

Ofisini wakauliza nani anaijua njia na anaweza kuiandika. Dada Atupele akasema, "Nusu anajua kuandika." Unaona jina lako lilivyonifikisha? Ulinibandika siku ya kwanza nilipokuomba kazi, nilipokwambia niliacha shule kidato cha pili katikati ya mwaka. Ukaniangalia juu mpaka chini, ukasema, "Nusu ya shule, nusu ya akili, ila mdomo mzima. Panda." Basi, mdomo mzima ukapewa karatasi ya serikali.

Nikaandika ratiba, Tata, ratiba ya kuning'inizwa kwenye fremu. Kalamu nyekundu kwa vituo, ya bluu kwa saa, mistari kwa rula. Na hapo ndipo nilipoharibu.

Unajua kweli ya njia ile. Tunatoka Tunduma saa kumi na mbili asubuhi, tunafika Ivuna saa nane mchana, siku njema. Mimi nikaona aibu kuandika hivyo. Nikawaza, karatasi hii inakwenda mkoani, itasomwa na watu wanaopanda mabasi ya Mbeya yenye televisheni. Watatucheka. Watasema hilo ni basi au ni mkokoteni? Nikaandika tunafika saa tano na nusu. Saa tano na nusu, Tata! Nikaipitisha kwa mkurugenzi, akapiga sahihi. Dada Atupele alipoiona akaniuliza, "Hili basi umeliandikia mabawa?" Nikamwambia atulie, mambo ya maandishi aniachie mimi.

Nilikuwa na hasira na mwendo wako tangu zamani, ndiyo kweli yenyewe. Unakumbuka nilivyokuwa nakukera pale kwenye tambarare? "Konokono ametupita, Tata, ametupungia mkono." Na wewe bila kugeuka: "Anapunga kwa sababu hana abiria." Basi zima linacheka, na mimi nabaki na konokono wangu.

Siku ya majaribio mkaguzi akaja. Kijana, mwembamba, shati limepigwa pasi mpaka linasimama peke yake, mkononi kishikwambi na saa kubwa. Akakaa kiti cha mbele kushoto. Saa kumi na mbili kamili tukaondoka. Kamili! Nikamwangalia kama mtu anayesema, umeona?

Kituo cha kwanza, vizuri. Kituo cha pili akapanda bibi mmoja na majogoo wawili aliowafunga kwa uzi wa sweta. Uzi wa sweta, Tata, kwa jogoo wa Mbozi. Mmoja akachomoka akaruka nje, nusu ya abiria wakaruka nyuma yake, na wewe unajua watu wetu, kuku wa mtu mmoja akitoroka ni kuku wa wote. Akakimbizwa mpaka kwenye shamba la maharage. Mimi nimesimama mlangoni napiga kelele, "Jamani ratiba! Jamani ruzuku!" Bibi akanijibu, "Ruzuku ndiyo nani? Mwambie naye ashuke asaidie." Mkaguzi akaandika kitu.

Tukafika juu ya mteremko, pale bonde la Rukwa linapofunguka chini kama mtu ametandika mkeka. Dada Atupele akasimamisha gari. Akashuka, akaweka jiwe nyuma ya tairi, akazunguka kugusa kila ringi kwa kiganja, kuona kama breki zimepata moto. Kama wewe. Vile vile kama wewe, hata kupangusa mkono kwenye suruali. Nikamnong'oneza, "Dada, leo turuke hiyo, tushuke tu." Akanijibu kwa sauti, mbele ya mkaguzi: "Ruka wewe. Mteremko huu nilionyeshwa na Simfukwe." Tukangoja zipoe. Tukashuka kwa gia ya kwanza, injini ikitushika nyuma kama mtoto aliyeshikwa sikio. Nikaona mchungaji na ng'ombe wake wanatuacha. Nilitamani kulia.

Tulipokuwa chini, tambarare imeanza, nikamwambia, "Sasa kanyaga." Akakanyaga. Nikasikia upepo, moyo ukarudi. Halafu mbele nikaona watu.

Msiba, Tata. Wamebeba jeneza, wamejaza barabara, wanakwenda upande wetu ule ule, pole pole, wanaimba.

Na sheria yako ninaijua kuliko ya serikali. Gari halimpiti marehemu. Unakaa nyuma, unapunguza sauti ya injini, abiria wenye miguu wanashuka wanatembea, mpaka wafiwa wakate kona kwenda makaburini. Siku ile tulipochelewa mnada wa ng'ombe nilikuuliza kwa nini tusipite kwa pembeni tu, njia pana. Ukaniambia, "Yeye hatarudi tena njia hii. Sisi tutarudi kesho. Nani mwenye haraka?"

Dada Atupele akashusha gia. Abiria wakaanza kushuka mmoja mmoja. Na mimi, nakuambia kweli kwa sababu uko mahali pa kweli, mdomo ulikuwa umefunguka niseme "pita". Neno lilikuwa ulimini. Nilikuwa naona mnada, naona jembe la mjomba, naona akina mama juu ya viroba. Halafu nikaona mguu wangu umeshuka chini peke yake na kofia iko mkononi. Umenilea vibaya, Tata.

Mkaguzi naye akashuka. Akatembea.

Sasa sikia kituko. Habari za basi la majaribio zilikuwa zimetutangulia, bonde zima linajua. Mzee mmoja wa wafiwa akageuka, akaona basi, akanyoosha mkono waimbaji wanyamaze. Akatuuliza, "Hili ndilo basi lenye mtihani?" Nikasema ndiyo, shikamoo, poleni sana. Akawaambia wenzake wasogee pembeni, wakasogea, na jeneza lao, mpaka kwenye majani. Akatuambia, "Piteni. Huyu ni kaka yangu, amekula chumvi ya Ivuna mpaka akasahau mwaka aliozaliwa, hakufa kwa kuonewa. Miaka yote mlikuwa mnamngoja yeye na gunia lake. Leo anawangoja nyinyi. Piteni!" Wafiwa wakacheka, Tata, machozi yakiwa yapo. Mjane mwenyewe akatikisa kichwa akisema, "Kweli, alikuwa anawachelewesha."

Dada Atupele akatoa kichwa dirishani: "Hatupiti, baba. Tangulieni."

"Piteni, mwanangu, mtafeli."

"Bora tufeli. Tangulieni."

"Sisi tumeshasimama!"

"Na sisi tumeshazima!"

Ndivyo walivyobishana, heshima kwa heshima, msiba unapisha basi, basi linapisha msiba, barabara katikati haina mtu. Nakwambia muda tuliopoteza kwa kupishana tungekuwa tumeshazika. Mwisho mkaguzi akaweka kishikwambi chake kwenye kiti, akaenda akaingiza bega chini ya jeneza, akasema, "Twendeni wote." Tukaenda wote, mpaka kona. Shati lake lile la kusimama lilikuwa limelowa mgongo wote.

Ivuna tukafika saa nane mchana. Na dakika chache, tena. Saa yako ile ile.

Akina mama wa chumvi walikuwa wanangoja pale kwenye banda lao, viroba vimefungwa, wamevaa vitenge vya Jumapili kwa ajili ya mkaguzi. Mama Tusekile, yule mchemsha chumvi aliyekuwa anakuita shemeji bila undugu wowote, akaniuliza tumefaulu? Nikamwambia asubiri. Nikamfuata mkaguzi, nikaanza kujitetea kwa mdomo wangu mzima. Nikasema, mheshimiwa, umeona mwenyewe, ni msiba, msiba ni dharura, kanuni yenu ina kipengele cha dharura, nimekisoma.

Akanikatisha. "Kijana, usimsingizie marehemu. Tulipomkuta tulikuwa tumeshachelewa saa mbili."

Nikaishiwa. Wewe hukuwahi kuniona nimeishiwa. Ungelipa kiingilio.

Akauliza, "Ratiba hii nani aliandika?" Nikasema mimi. "Uliipima kwa gari gani?" Nikaitazama rula yangu. Ndipo akanieleza, taratibu, kama anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu. Kanuni haikutuomba tuwahi. Hakuna mahali imeandika basi likimbie. Imetuomba tuseme wenyewe tutafika lini, halafu tufike. Na kabla hajapeleka ripoti, njia inaruhusiwa kurekebisha ratiba mara moja. Mara moja tu. Kesho tunarudi Tunduma, atapima kwa karatasi mpya, na hiyo ndiyo ya mwisho.

Mara tatu nimeisoma kanuni ile, Tata. Kipengele hicho nilikiruka kwa sababu kilianza na neno "endapo" na nikaona kitakuwa kirefu.

Basi tukakaa pale bandani, mimi na rula yangu, Dada Atupele, Mama Tusekile na wenzake wamenizunguka, mkaguzi pembeni amepewa uji wa ulezi. Sasa nikaandika kweli. Mama Tusekile akasema, "Pale darajani weka robo saa. Watu wa pale hawapandi kabla ya kusalimia basi zima." Nikaweka. Mwingine akasema weka dakika za kufunga viroba juu ya keria. Nikaweka. Dada Atupele akasema, "Mteremko, breki kupoa. Hapo usipunguze hata moja." Mmoja akasema, "Na za kuku," wakacheka mpaka mkaguzi akapaliwa na uji. Nikaweka za kuku. Nimeziandika "upakiaji wa mifugo midogo", kwa heshima ya serikali.

Na kila dakika niliyoandika, Tata, nilikuwa nakuona. Nilijua kwa nini kila moja ipo. Ile ya pale zahanati ni kwa sababu ulikuwa unamngoja nesi atoke na mama aliyejifungua. Ile ya kijiji cha mwisho ni kwa sababu una... kwa sababu ulikuwa unashuka kumwamkia yule kipofu, akupe baraka, ndiyo uondoke. Nilidhani unachelewa. Kumbe ulikuwa na ratiba, haikuwa na karatasi tu. Vumbi likaniingia machoni. Mama Tusekile akanipa ncha ya kitenge chake akasema, "Andika, shemeji mdogo, usilowanishe fomu."

Kesho yake tukarudi. Ee Tata! Ungekuwepo! Kila kituo tunafika kwenye dakika yake kama tumeisikia ikiita. Kule juu ya mteremko tulifika mapema, Dada Atupele akazima gari, akakunja mikono. Abiria wakaanza kuulizana: tunamngoja nani? Kuna mtu kasahau mzigo? Nikasimama katikati ya basi, kifua mbele, nikawatangazia: "Tunaingoja saa." Mzee mmoja akasema tangu azaliwe hajawahi kuona serikali imewahi mpaka ikaingoja saa, akaomba kushikana mkono na mkaguzi. Akashikana naye.

Jana barua ya majibu ya serikali ilisomwa kwenye baraza la madiwani, na mimi nikiwa ndani ya ukumbi, nimekaa kwenye kiti cha kuzunguka. Basi la Tunduma na Ivuna sasa ni njia ya huduma. Mnada hakuna. Matairi mapya yanakuja, yote sita, na springi. Mshahara wa Dada Atupele hautegemei tena huruma ya mtu. Wangu nao umo, umeandikwa "kondakta", jina kamili la Lusekelo, hakuna Nusu popote. Nilimpigia mjomba simu palepale ukumbini. Akaniuliza kama basi litafika na Ileje. Nikamwambia aandike barua.

Na ratiba imebandikwa kwenye kioo cha mbele, imegongwa muhuri wa bluu. Watu wanasimama stendi kuisoma. Mama yetu, mkeo, nilimpeleka akaione. Akapitisha kidole kwenye ile mistari, akafika pale chini penye saa nane, akacheka peke yake kwa muda mrefu. Akasema, "Miaka thelathini na tisa nilimgombeza mtu huyu kwa kuchelewa kula. Kumbe nilikuwa nagombana na sheria." Yuko vizuri, Tata. Anakula. Barua hii nitaisoma kwa sauti pale ulipolala, amesema atakuja na mkeka na nisipige kelele.

Mimi nakuacha sasa. Nakuaga bila kukuzungusha: ahsante kwa kunipandisha, na nisamehe kwa yule konokono. Ahadi yangu ni hii. Mwakani nakwenda kusomea leseni ya kuendesha basi, Dada Atupele ameshanianzisha kwa kunigusisha ringi mpaka nimeungua kiganja. Na siku nikikaa kwenye kile kiti, sitapunguza hata dakika moja uliyoiacha. Akija bosi kutoka popote aseme punguza, nitamwonyesha muhuri.

Kesho safari. Tunatoka saa kumi na mbili, tunafika saa nane. Lala, Tata. Hatuna haraka.

Mwanao wa mlangoni,
Lusekelo